Mia na Tisa Chini ya Sifuri

Durham, Februari, saa tisa za usiku.
Chumba kiko chini ya ardhi, hakina dirisha.
Mna mashine ya eksirei, mtungi wa nitrojeni unaokoroma,
mimi, na bakuli la wali wa jana.

Ferosini ni unga wa rangi ya chungwa bivu.
Siku ya kwanza nilipofungua kichupa
nilikifunga upesi, nikageuka kutazama mlango:
karafuu maiti. Ndiyo hasa, ile ile
inayosagwa ikanyunyizwa kwenye sanda.
Hilda Thirlwell, mwenye mashine, alinusa akacheka:
"Kwetu hii ni harufu ya kabati la bibi,
makoti ya baridi, nondo waliokufa njaa."

Umbo lake mtoto angeweza kulichora.
Pete mbili za kaboni, kila moja pembe tano,
katikati chembe moja ya chuma.
Mimi naliona jiwe la kusagia,
la juu na la chini, na chuma ndicho kigingi.
Humu chumbani, penye joto la watu,
jiwe la juu halitulii,
linazunguka bila mkono, bila nafaka.

Picha ya kwanza tuliipiga kwenye joto hilo.
Pembe za juu zimekaa juu ya mapengo ya chini,
zimepishana kwa adabu, kama mashahidi wawili
wasiotaka kutazamana.
Nikafurahi. Hilda akagonga kioo kwa kalamu:
"Usiiamini. Hiyo si molekuli,
ni wastani wa molekuli zisizohesabika.
Hii imegeukia huku, ile kule,
ukizirundika pamoja unapata sura
ya mtu ambaye hayupo."

Basi tukapoza.
Nikasema haraka haina baraka,
tukashuka nyuzi moja kwa dakika.
Kelvini mia mbili. Mia na themanini.
Mia sitini na tano, nikazuia pumzi.
Mia sitini na nne:
tak,
kama mbegu ya haradali kwenye mafuta.
Kwenye ncha ya sindano likabaki vumbi.
Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu iliruka kabisa,
labda iko ndani ya sweta langu mpaka leo.

Chini ya hapo pete huacha kuzunguka.
Kila moja huchagua upande wake na kukaa,
na kukaa kwake kunamsukuma jirani,
jirani anamsukuma jirani,
na nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wanaocheza
haiwatoshi waliosimama.

Simu ilikuja kati ya fuwele ya tatu na ya nne.
Binamu yangu Mwinyihaji, kutoka Pangani.
"Tunamzika adhuhuri. Hutawahi, usijisumbue."
Kisha, kwa kuwa hakujua aseme nini tena:
"Karafuu maiti imeadimika siku hizi.
Tumepata kidogo tu, kwa Shebe wa dukani."
Nikasema ahsante. Nikasema imetosha.
Mkononi nilikuwa na kichupa kizima.

Hilda hakuuliza. Alileta chai, akaniwekea sukari
nyingi kupita kiasi, akaketi akinitazama nikinywa.
Baadaye ndipo akaniambia mbinu:
fuwele ioteshwe baridini tangu mwanzo.
Ile isiyowahi kuonja uvuguvugu
haina cha kuvunjikia.

Nimezaliwa Pangani, sikumjibu kitu.

Ilichukua wiki tatu.
Tulipoipata, tuliishusha mpaka nyuzi mia, na chini zaidi,
nayo ikastahimili bila ufa.
Pembe juu ya pembe, kiganja juu ya kiganja,
na chuma katikati, kimefumbatwa.
Wazi kiasi kwamba nilitafuta kosa
mpaka macho yakatoa machozi,
na Hilda akasema ni mwanga wa skrini.

Kabla ya kuzima taa nilikiinua kile kichupa.
Ferosini hupaa bila kuyeyuka,
usiku kucha, taratibu, pasipo mtu kuihimiza.
Chini ya kifuniko, upande wa ndani,
palikuwa pameota fuwele mpya,
nyembamba, za chungwa, kila moja imeshika pake.
Sikuzipangusa.